Wanakusikia Kabla Hujawaona

Langoni mwa hifadhi utaulizwa tiketi, na mfuko wa plastiki utauacha nje. Sauti yako utaingia nayo bila kuulizwa, ingawa huwafikia wanyama wengi ambao wewe hutawaona siku hiyo.

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Liana Zanette, wa chuo kikuu cha Western nchini Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika eneo la Kruger, Afrika Kusini. Walificha spika na kamera kwenye madimbwi ambako wanyama hunywa maji wakati wa kiangazi. Mnyama akikaribia, spika ilitoa mlio wa simba, mbweko wa mbwa, mshindo wa bunduki, au mazungumzo ya watu: si kelele za kutisha, bali watu wakiongea kwa utulivu kama redioni. Waliposikia watu, wanyama walikimbia mara mbili zaidi kuliko waliposikia simba, na waliliacha dimbwi upesi zaidi. Twiga, pundamilia, chui, fisi, hata tembo.

Matokeo hayo yanafaa kubadili namna tunavyokaa ndani ya gari. Mnyama aliyekimbizwa na soga zetu ameondoka kabla hajakata kiu, na katika kiangazi kikali dimbwi la pili huwa mbali. Ukifika penye maji, zima injini na muziki, kisha nong'oneni. Simu iwe kimya. Usimpigie mnyama makofi wala mluzi ili ageuke upate picha. Ukisubiri, mara nyingi atageuka mwenyewe.

Tembo wanahitaji uangalifu zaidi. Huko Amboseli, Kenya, watafiti Karen McComb na Graeme Shannon walionyesha mwaka 2014 kwamba tembo hutofautisha sauti za wanaume wa Kimaasai na za wanaume wa Kikamba, na pia za wanaume na za wanawake au watoto. Hujikusanya na kurudi nyuma wanaposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao wamezoea kupambana nao. Wao kwa wao huzungumza pia kwa mingurumo mizito ambayo sikio la binadamu haliipati, nayo hufika kilomita kadhaa. Jenereta ya kambi inayonguruma usiku kucha hutoa sauti nzito zinazokaribiana na hizo. Kabla ya kulipia malazi, uliza jenereta huzimwa saa ngapi.

Barabara nayo ina lake. Jimboni Idaho, Marekani, watafiti walipanga spika msituni mahali pasipo na barabara, wakapiga sauti ya magari tu. Idadi ya ndege ilipungua kwa zaidi ya robo, na hapakuwa na gari hata moja. Nchini Tanzania, barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo hata asiye mtalii anahusika. Ukipita hapo, fuata mwendo uliowekwa na usipige honi. Kadiri gari linavyokimbia ndivyo matairi yanavyovuma, hata kama injini ni nzuri.

Baharini tatizo ni kubwa zaidi. Majini sauti husafiri kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na pomboo hutafuta samaki kwa kutoa milio mifupi na kusikiliza mwangwi wake. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, na muda mwingi huutumia kusafiri tu. Nguvu zinapotea, na mama mwenye mtoto ndiye anayeumia zaidi.

Hapa mteja ana uwezo mkubwa. Nahodha huwafukuzia pomboo kwa sababu anaamini ndicho ulicholipia. Basi mwambieni mapema, kabla hamjaondoka ufukweni: twende polepole, tusiwakatie njia, tukae ubavuni mwao, na tukikuta boti mbili tayari, tungoje mbali. Mkikaribia, atoe gia. Msiruke majini mbele yao. Na mkirudi bila kuogelea nao, mpeni bakshishi yake kamili, ili ajue kwamba utulivu nao unalipwa.

Wenye kambi na waongozaji wanaweza kuanza na jambo dogo. Katika msitu wa Muir Woods, California, vibao vilivyowaomba wageni wanyamaze vilipunguza kelele kwa takriban desibeli 3, yaani nusu ya nguvu ya sauti, bila uzio wala faini. Kibao kama hicho kiwekwe hatua kadhaa kabla ya dimbwi, si kando yake, ili mgeni awe amenyamaza anapofika.