MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Je, methali hii ni kweli mgeni akiwa mwanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo?

Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliitaja Tanzania kati ya nchi 57 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya.

Basi akifika hospitali ya Same au ya milimani Upareni, mgeni huyo aweza kukuta muuguzi mmoja akiangalia wodi nzima usiku. Huruma humshika, na watu humwita "daktari". Hapo ndipo penye hatari, maana uhaba haumpi mtu ujuzi asio nao. Afanye aliyofundishwa tu, tena chini ya msimamizi.

Nasi tumkaribishe, lakini tumwulize bila woga: "Mwanangu, umehitimu au bado unasoma?" Mgonjwa ana haki ya kujua. Muuguzi wetu naye asinyamaze kwa kustahi ugeni, kwani wodini yeye ndiye mwalimu.

Swali la kujadili nyumbani: Mgeni akirudi kwao baada ya majuma machache, wodini atabaki nani? Je, tunamsomesha kijana gani wa kwetu?