Yuko, Yupo, Yumo: Msimbo wa Mahali na Utafutaji wa Waliotangamana na Wagonjwa Chuoni

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza namna msimbo uliobandikwa ukutani unavyotaja mahali. Data yetu ni mfumo wa New Zealand ulioanza kutumika Mei 2020 kuwatafuta waliotangamana na wagonjwa wa UVIKO-19. Tutauangalia katika mazingira ya chuo kikuu, ambamo mwanafunzi mmoja huweza kupita kumbi nne, maktaba na mkahawa kabla jua halijatua. Wahandisi wamekwisha kuuandikia mfumo huo mengi. Wanaisimu, kwa kadiri tuonavyo, wameuachia mbali mno.

2.0 Msimbo unasema nini?

Msimbo wa QR ulibuniwa na Masahiro Hara na wenzake nchini Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kutambulisha vipuri vya magari. Katika mfumo tunaoujadili, kila bango lilibeba jina la mahali, anwani yake, na namba ya utambulisho yenye tarakimu 13. Mtu alipolielekezea simu, programu ya NZ COVID Tracer iliandika namba hiyo na saa katika shajara iliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe kwa siku 60. Ilipobainika kwamba mgonjwa alipita mahali fulani, Wizara ya Afya iliweza kutangaza namba ya mahali hapo pamoja na muda uliohusika. Kila simu ikajilinganishia. Aliyetangaza hakuhitaji kumjua aliyepokea.

Sasa tuzingatie sentensi hizi:

(1) Yuko maktabani.
(2) Yupo maktabani.
(3) Yumo maktabani.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba ku- ni mahali kwa ujumla, pa- ni mahali mahususi, na mu- ni ndani. Maambukizi yanayosafiri hewani huhusu zaidi hali ya (3): hewa ya chumba kimoja, madirisha yakiwa yamefungwa. Lakini bango lililobandikwa kwenye lango kuu haliwezi kusema zaidi ya (1). Tuchukue jengo la ghorofa tatu lenye kumbi kumi na msimbo mmoja tu mlangoni. Mgonjwa mmoja akiketi katika ukumbi mmoja, wote waliopita mlango ule saa zile watapewa tahadhari, na wengi wao bure. Tahadhari za bure zikirudiwa, masikio huzizoea. Ukibandika msimbo katika kila ukumbi, unapata mu- ya kweli, ila unamtaka mtu atoe simu mara saba kwa siku, na mwanafunzi aliyechelewa kipindi hafanyi hivyo. (Wala mhadhiri wake.)

Kuna upungufu mwingine, nao ni wa hali ya tendo. Kuelekeza simu hurekodi kuingia peke yake. Shajara inajua kwamba mtu *aliingia*. Haijui kama *angalimo*. Kwa hiyo muda wa tahadhari hulazimika kukadiriwa. Teknolojia ya bluetooth, iliyoongezwa Desemba 2020, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kupima ukaribu wa simu kwa simu, lakini nayo haina mu-: mawimbi hupenya ukuta mwembamba, na majirani wa vyumba viwili wakahesabiwa kuwa wameketi pamoja.

3.0 Suala la istilahi

Wapo wanaouita utaratibu huu "ufuatiliaji wa mawasiliano". Tafsiri hiyo ina hatari. Kwa msomaji wa kawaida, kufuatilia mawasiliano ni kusikiliza simu za watu. "Mgusano" nao haufai, kwani ugonjwa huu hauhitaji kugusana. "Waliotangamana" hubeba maana ya kuwa pamoja bila kudai mguso, na tunalipendekeza.

Hofu iliyojificha katika tafsiri ile mbovu, hata hivyo, si ya kubuni. Nchini Australia, mwezi Juni 2021, ilifahamika kwamba polisi wa jimbo la Western Australia walikuwa wamepata taarifa za mfumo wa SafeWA, uliotumia misimbo kama hii, kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Bunge la jimbo likalazimika kutunga sheria ya kuwazuia. Tofauti ilikuwa mahali pa kuhifadhi: SafeWA ilikusanya taarifa katika hazina moja, ilhali shajara ya New Zealand ilikaa mfukoni mwa mwenyewe. Chuo kitakachotaka kubandika misimbo yake kitaulizwa na wanafunzi swali hilohilo la viambishi: taarifa zangu zitakuwako wapi, na zitakuwamo mikononi mwa nani?