Milima Ikiinuka, Mabonde Hujaa

Mtu akisimama ukingoni mwa Ziwa Albert, upande wa Uganda, huona nyuma yake genge kubwa, mbele yake maji mapana, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo. Hudhani ya kuwa ziwa lile laenda chini sana, kama vile milima ile iendavyo juu. Lakini sivyo. Mahali penye kina kuliko pote hapafiki mita 60. Na Ziwa Tanganyika, lililo katika tawi lile lile la Bonde la Ufa, lina kina cha mita 1,470. Mbona basi ndugu hawa wawili hawafanani? Jibu la swali hili ndilo somo letu la leo.

Bonde la Ziwa Albert si fupi, bali limejaa. Chini ya maji yake mna mchanga, matope na kokoto, tabaka juu ya tabaka, na wataalamu wa miamba wakadiria ya kuwa mahali pengine unene wake wakaribia kilomita 6. Vitu hivi huitwa mashapo, kama yale yanayotuama chini ya mtungi wa maji ya mtoni. Chini ya Ziwa Tanganyika pia yako mashapo mengi, ila huko kuzama kwa bonde kumeshinda kujazwa kwake. Katika Ziwa Albert, kujazwa kumekwenda sambamba na kuzama.

Mashapo hayo yametoka wapi? Yametoka milimani. Nchi ilipopasuka, zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, kipande cha katikati kilizama kidogo kidogo, na kingo zake zikainuka. Kusini ya Ziwa Albert uko mlima Rwenzori, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,109. Watu wengi hudhani ya kuwa Rwenzori ni mlima wa moto kama Kilimanjaro. Sivyo. Rwenzori ni kipande cha mwamba wa kale sana, kilichosukumwa juu katikati ya bonde lenyewe. Wataalamu wasema ya kuwa hapo kale palikuwa na ziwa moja kubwa mahali hapo, na ya kuwa mlima ulipoinuka, yapata miaka milioni 2 na nusu iliyopita, ziwa lile lilikatwa vipande viwili: kimoja ndicho Ziwa Edward, na cha pili Ziwa Albert. Mto Semliki waviunganisha hata leo, nao hupita magharibi ya mlima ukichukua mashapo yake mpaka Ziwa Albert.

Sasa yafaa tujue kazi ya mlima unaoinuka. Kwanza, huzuia mawingu, na mvua nyingi hunyesha juu yake. Pili, mitelemko yake huwa mikali, na maji hushuka kwa nguvu. Tatu, mito huchimba mwamba na kuchukua mawe. Kadiri mlima uinukavyo, ndivyo uliwavyo. Na kila kinacholiwa juu hakina budi kuwekwa chini.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kazi ndogo. Na achukue karai pana, afanye upande mmoja chungu ya kokoto, mchanga na udongo vilivyochanganywa, kisha amimine maji polepole juu yake. Watoto wataona ya kuwa kokoto hubaki karibu na chungu, mchanga huenda mbali kidogo, na udongo mwembamba hufika mbali kabisa, ukatuama maji yanapotulia. Ndivyo ilivyo katika bonde. Kwa hiyo mtaalamu akichimba akakuta tabaka la kokoto juu ya tabaka la udongo laini, husema, "Huenda wakati huu mlima uliinuka, au mto ulipata nguvu." Mashapo ni kitabu, na kurasa zake za chini ndizo zilizoandikwa kwanza.

Liko na jambo jingine la ajabu. Jahazi likipakuliwa shehena, huelea juu zaidi, likipakiwa, huzama. Ganda la nchi nalo hufanya hivyo hivyo, lakini kwa muda mrefu mno. Mlima ukipunguziwa mawe yake hupata wepesi, nao huinuka tena kidogo; na bonde likilemewa na mashapo huzidi kuzama, likapata nafasi ya kupokea mengine.

Wala tusidhani ya kuwa kuinuka kwa nchi huongeza mashapo siku zote. Zamani mito Kafu na Katonga ilitiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukingo wa bonde ulipoinuka, njia yao ilizibwa, na maji yakarudi nyuma. Kwa sababu hiyo nchi ya katikati ilifurika, na Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga yakapatikana. Hata leo katika njia ya Katonga mna kinamasi ambacho maji yake hutoka pande mbili, mengine yakienda Ziwa Victoria na mengine Ziwa George. Basi ukingo ule ule unaolilisha bonde mashapo yake waweza pia kulinyima mito ya mbali.

Huenda mzee mmoja akauliza, "Mambo ya miaka milioni yatufaa nini sisi wakulima?" Yatufaa, maana kazi ile haijakoma. Mwezi wa Mei 2013 Mto Nyamwamba, utokao Rwenzori, ulifurika ukabingirisha mawe makubwa katika bonde la Kilembe mpaka Kasese, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali. Mei 2020 ulifurika tena. Mji wa Kasese uko mahali mto utokapo mlimani na kuingia tambarare; na mahali kama hapo ndipo mto hupungukiwa nguvu ukatua mzigo wake. Udongo wa hapo una rutuba kwa sababu mto umeuleta, na mto ulioleta waweza kurudi.

Basi mkuu wa kijiji anayegawa viwanja karibu na mdomo wa bonde, na atazame kwanza mawe yaliyolala shambani. Yakiwa makubwa na ya mviringo, ajue ya kuwa hayakuletwa na mtu. Na mkulima wa mtelemkoni asikate miti ya kingo za mto, naye afanye matuta ya kukinga udongo. Kuinuka kwa mlima hatuwezi kukuzuia. Lakini udongo wa shamba letu usishuke bondeni upesi kuliko mlima wenyewe unavyoushusha.