DONDOO MUHIMU: Tumbo la samaki wa tangini

Tropheus moorii, ndugu wa perege anayeishi kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika pande za Kasanga, hula mwani na ana utumbo mrefu. Ukimfuga huko Pito, kwenye baridi ya Ufipa, tumbo lake ndilo la kulindwa kwanza.

Dalili za ugonjwa wa tumbo
- Anakataa chakula, au anakitia mdomoni na kukitema.
- Kinyesi ni cheupe, chembamba kama uzi.
- Anajitenga na kuhema haraka.
- Tumbo linavimba. Hapo ugonjwa umeshakomaa.

Tiba
- Mhamishie tangi la peke yake, usimlishe kwa siku mbili au tatu.
- Badilisha robo ya maji. Maji mapya yawe na joto lilelile.
- Dawa inayotumika sana ni metronidazole. Muulize daktari wa mifugo kipimo, na uanze mapema: tumbo likishavimba, wachache hupona.
- Samaki aliyepewa dawa hii asiliwe.

Kinga
- Mpe chakula cha mimea, kidogo kidogo. Nyama ya ng'ombe na minyoo ni marufuku.
- Weka hita: maji yawe nyuzijoto 24 hadi 27. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na usilishe.
- Usimchanganye na samaki wakorofi, kwani hofu nayo huleta ugonjwa.

Watazame samaki wako kila wanapokula. Anayesusa chakula leo, mtibu leo.