Korongo wa Bonde la Lambwe

Wasomaji wa Oyugis wasidhani kuwa korongo, yule mnyama wa pembe, yu nchi ya mbali. Yumo katika Kaunti hii ya Homa Bay, Bonde la Lambwe, lililotengwa kwa wanyama mwaka 1966, likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Kundi hilo ndilo la mwisho la porini Kenya.

Jike huzaa ndama mmoja tu, baada ya mimba ya miezi tisa hivi, kisha humficha majanini. Moto waweza kumwunguza huko. Na mtego wa waya, hata ukitegewa paa, hauchagui shingo.

Askari wa wanyama, wakisaidiwa na wenyeji, huiondoa mitego hiyo. Basi uonapo mtego, peleka habari. Korongo akitoweka Ruma, ametoweka Kenya.