Kufundisha Kazi ya Bunge: Fedha za Umma, Uwajibikaji na Usalama wa Taifa

Wanachuo wanapopangiwa kufundisha mada ya Bunge katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, aghalabu huandika ubaoni orodha: Spika, Naibu Spika, Katibu wa Bunge, mji wa Dodoma. Wanafunzi hunakili, hukariri, hujibu maswali, na mada huhesabiwa kuwa imekwisha. Tumekaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukaona jambo hilo likirudiwa mwaka hata mwaka. Mtoto hutoka na majina ya vyeo, asijue kazi wanayoifanya wenye vyeo hivyo.

Kazi yenyewe imetajwa katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Usimamizi huo huonekana wazi zaidi katika fedha. Tunapendekeza hapa njia ya kuifundisha kazi hiyo kwa vipindi viwili, kwa kutumia kisa kimoja cha kweli.

1. Mambo ya kujua kabla ya kuandaa somo

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Waziri wa Fedha husoma bajeti Bungeni mwezi Juni. Kwa mujibu wa Katiba, kodi haitozwi ila kwa sheria, wala fedha haichukuliwi katika Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa idhini iliyowekwa na sheria. Kila wizara huleta makadirio yake, nayo hupitiwa fungu kwa fungu. Mbunge asiyeridhika na maelezo aweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri. Wabunge wenyewe huita jambo hili “kushika shilingi”. Shilingi hiyo haimpunguzii waziri kitu. Nguvu yake ni kumlazimu asimame na kueleza.

Fedha ikishatumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua hesabu. Taarifa yake humfikia Rais, kisha huwasilishwa Bungeni. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita maafisa masuuli, yaani watendaji waliokabidhiwa fedha hizo, wajibu hoja za ukaguzi. Kwa hiyo fedha ya umma huulizwa mara mbili: kabla ya kutoka na baada ya kutumika. Mwanafunzi akilishika hili moja, ameshika kiini cha mada.

2. Kisa cha rada

Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa bei ya pauni milioni 28 hivi. Waliounga mkono ununuzi huo walisema nchi haiwezi kuliangalia anga lake bila chombo cha namna hiyo. Waliopinga walisema bei ni kubwa mno kwa nchi maskini, na kwamba chombo chenyewe kina uwezo wa kijeshi unaozidi mahitaji ya ndege za abiria. Huko Uingereza kwenyewe mawaziri walitofautiana: Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, alipinga, lakini serikali yake iliidhinisha rada hiyo iuzwe nje Desemba 2001.

Maswali hayakwisha. Desemba 2010 mahakama jijini London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu biashara hiyo. Mwalimu awe mwangalifu hapa: kosa lililokiriwa lilikuwa la kumbukumbu za hesabu, kampuni haikutiwa hatiani kwa kosa la kutoa rushwa. Kampuni ilikuwa imekubali pia kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Malipo yalipochelewa, Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ya Bunge la Uingereza iliwahoji viongozi wa kampuni mwaka 2011. Fedha zililipwa mwaka 2012, zikatumika kununulia vitabu na madawati ya shule za msingi. Huenda baadhi ya wanachuo wanaosoma ukurasa huu walijifunza kwa vitabu hivyo walipokuwa watoto.

Tumekichagua kisa hiki kwa kuwa mtoto anaweza kukigusa. Swali lililoulizwa kuhusu chombo cha kuangalia anga lilizaa kitabu mezani pake.

3. Kipindi cha kwanza: siri na hesabu

Lengo: mwanafunzi aweze kutofautisha jambo linalostahili kufichwa kwa usalama wa taifa na jambo ambalo wananchi wana haki ya kuelezwa.

Zana: vipande vya karatasi ngumu. Juu ya kila kimoja andika jambo moja: mahali vikosi vilipo, njia wanazopita walinzi usiku, bei ya chombo, jina la muuzaji, namna muuzaji alivyochaguliwa, malipo kwa mawakala, udhaifu wa chombo.

Simulia kisa kwa lugha nyepesi. Kisha vikundi vigawe vipande katika mafungu mawili, “siri” na “hesabu”, vikitoa sababu. Mabishano yatazuka, hasa juu ya udhaifu wa chombo. Usiyakate mapema. Yakikomaa, uliza: “Je, hakuna mtu wa kuambiwa jambo ambalo si vyema kutangazwa?” Waongoze wafikie fungu la tatu: mambo yanayoweza kuhojiwa na kamati ya wabunge faraghani. Bunge letu linayo kamati inayoshughulikia ulinzi na usalama. Jambo lililofichwa adui si lazima lifichwe wawakilishi wa wenye mali.

Malizia kwa methali: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi waeleze jinsi inavyohusiana na kosa lililotajwa mahakamani.

4. Kipindi cha pili: Bunge la darasa

Lengo: mwanafunzi aweze kuhoji na kutetea matumizi ya fedha za umma kwa hoja.

Teua Spika, Waziri wa Fedha, Waziri wa Ulinzi na Mkaguzi. Waliosalia wawe wabunge. Serikali ya darasa ina shilingi 1,000,000. Inaomba 600,000 kwa uzio na taa za ulinzi wa shule, na 400,000 kwa vitabu. Mbunge yeyote aweza kushika shilingi. Weka kanuni tatu: kila msemaji amwelekee Spika, anayedai jambo alithibitishe au afute kauli, pasiwe na mtu wa kuitwa mwizi kwa kukisiwa. Baada ya kura, Mkaguzi alete taarifa fupi uliyomwandalia: uzio umejengwa nusu, na fedha zote zimekwisha. Sasa darasa lihoji tena.

5. Swali lisilotazamiwa

Somo hili lina mtego, nasi tulinaswa nao. Katika shule moja tulimsimamia mwanachuo aliyelifundisha vizuri. Mjadala ulipopamba moto, mtoto mmoja wa darasa la sita alisimama akasema, “Mheshimiwa Spika, naomba kujua fedha za mahindi ya shamba letu la shule ziko wapi.” Darasa lilinyamaza kimya. Mwanachuo alitutazama, kisha akasema, “Keti. Hilo si la leo.” Nasi tukampa alama nzuri za kulitawala darasa.

Jioni tulipolisoma tena andalio lake, tuliliona lengo aliloliandika juu kabisa: mwanafunzi aweze kuhoji matumizi ya fedha za umma. Mtoto mmoja tu ndiye aliyelifikia lengo lile kikamilifu, naye ndiye aliyeketishwa. Kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa la mwanachuo, kwa maana tulimwandaa kufundisha kuhoji bila kumwandaa kuhojiwa.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Hakukasirika, alifungua daftari. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imenunua mabati ya jiko la shule. Magunia mawili hayakuwa na maelezo, akaahidi kuyafuatilia. Mwanachuo alirudi darasani akayaandika ubaoni yote, pamoja na yale magunia mawili. Watoto walinakili kwa makini kuliko walivyowahi kunakili orodha ya vyeo.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Kabla ya kipindi cha pili, mweleze mwalimu mkuu unachokusudia kufundisha na umwombe akusaidie kujua hesabu za mradi wa shule. Swali la kweli likija, usilikate wala usilijibu kwa kubahatisha. Sema: “Swali lako ni halali. Jibu sinalo. Nitaliuliza, nami nitakuletea jibu siku ya Ijumaa.” Kisha ulilete, hata kama jibu lenyewe ni kwamba uchunguzi haujakwisha. Mtoto ataona kwako jinsi mtu mwenye dhamana anavyotakiwa kujibu.

6. Tathmini

Usiulize majina ya vyeo pekee. Uliza: Fedha ya umma huhojiwa lini na lini? Kwa nini mbunge hushika shilingi moja tu? Taja jambo moja la ulinzi lisilofaa kutangazwa, na moja linalofaa, ukitoa sababu. Swali la mwisho liwe la vitendo: kila kikundi kiandike swali moja kuhusu mali ya umma kijijini au mtaani, na kitaje ni nani apasaye kuulizwa. Yasome maswali hayo kwa makini, maana hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama mada imeeleweka.