Aondoke Lini Mkimbiaji?

Swali: Mpira wa juu ulimchezacheza mdakaji mikononi kabla hajaushika. Mkimbiaji aliondoka besi ya tatu ulipoguswa tu, na mwamuzi akamkubalia. Ni sawa?

Jibu: Ni sawa. Kanuni ya softiboli humruhusu mkimbiaji kuondoka mpira unapoguswa mara ya kwanza, si unapodhibitiwa. Utasema: mdako haujakamilika, mbona aende? Kwa sababu udhibiti huamua hatima ya mpigaji. Mkimbiaji angelazimika kuusubiri, mdakaji mjanja angeurusharusha mpira viganjani huku akikimbilia besi, na wakimbiaji wote wangeganda. Na ukianguka chini? Mpigaji hajatolewa, kwa hiyo mkimbiaji hakuwa na sababu ya kusubiri. Ila mpira ukidakwa, aliyetangulia mguso, hata kwa nukta, hutolewa wapinzani wakikata rufaa.